Kabla Hujapanda Gari la Bendi

Tuseme wewe ni kijana wa Misigiri. Gitaa ulijifunza kanisani kwenye kwaya, ukaendelea mwenyewe mpaka vidole vikaota sugu. Bendi inakuja kupiga siku ya sikukuu, mpiga besi wao anaugua, wanakuomba umshikie nafasi. Unapiga vizuri, watu wanacheza mpaka usiku wa manane. Asubuhi kiongozi anakuambia, "Dogo, panda gari. Kesho tunapiga Nzega, keshokutwa Shinyanga."

Nyumbani baba anakataa: "Muziki ni uhuni. Utaturudia na UKIMWI." Nje, mshkaji wako anacheka: "Acha woga bwana, huko ndiko kwenye maisha!"

Nani mkweli hapo? Wote wawili wamekosea kidogo. Gitaa halina virusi. Lakini maisha ya bendi yana hatari zake, na hatari hizo zinajulikana. Ukizijua kabla hujapanda gari, unaweza kupiga muziki miaka mingi na ukabaki mzima. Hebu tuziangalie moja moja.

JE, MUZIKI UNALETA UKIMWI?

Hofu ya baba haikutoka hewani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Ugonjwa ulisafiri na watu: wafanyabiashara, madereva, askari, watumishi wa serikali, na wanamuziki pia. Mwanamuziki alikuwa mtu maarufu, hivyo akiugua, mji mzima ulijua. Karani akiugua, ilijua familia yake tu. Ndiyo maana watu wakaamini kwamba muziki wenyewe ndio ulioleta balaa.

Kumbe hapo hapo kwenye bendi ndipo alipotoka mmoja wa watu wa mwanzo kusema wazi juu ya kondomu. Jina lake Ramadhani Mtoro Ongala, yaani Dokta Remmy. Alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo, akaanza muziki angali kijana mdogo. Mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy. Baadaye akahamia Matimila, ambayo chini yake ilikuja kuitwa Super Matimila. Muziki huo wa ukumbini ulimfikisha mbali: mwaka 1988 alipiga Ulaya kwenye matamasha ya WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka albamu yake ya Songs for the Poor Man.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy alitoa wimbo wa Mambo kwa Soksi. "Soksi" hapo ni kondomu. Wakati huo watu wazima wengi waliona aibu hata kulitamka neno hilo. Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo, na redio za binafsi hazikuwepo mpaka mwaka 1994. Lakini bendi ilikuwa na jukwaa lake, na kanda zilikuwa zinazunguka mitaani. Wimbo ukafika.

Kwa hiyo ukiambiwa mwanamuziki ni mtu wa kuleta maradhi tu, kumbuka kwamba mwanamuziki huyohuyo aliwafundisha watu kujikinga, wakati wengine wamenyamaza.

VYOMBO NI VYA NANI?

Watu wanaposikia hatari za bendi, wanafikiria pombe na wasichana. Lakini anza na swali hili: magitaa, spika na ngoma ni mali ya nani?

Katika historia ya muziki wa dansi Tanzania, mara nyingi mpigaji hakuwa na chombo. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. DDC Mlimani Park ya mwaka 1978 ilikuwa ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Bendi nyingine zilikuwa za wafanyabiashara. Hata vijana waliopenda roki na soul, kama Sunburst waliotoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, walikuwa kwenye kazi ambayo vifaa vyake ni ghali kuliko mfuko wa kijana. Mpigaji huja na vidole vyake na sauti yake tu.

Sasa hilo linahusu nini afya? Linahusu sana. Mwenye vyombo ndiye anayeamua nani apande jukwaani, nani alale wapi, nani alipwe na lini. Kama hakuna maandishi, wewe unaishi kwa huruma yake. Ukiwa Shinyanga huna nauli ya kurudi Misigiri, utakula anachokupa na utalala anapokuambia.

Kwa dada zetu waimbaji na wanenguaji hali huwa mbaya zaidi. Kuna viongozi wanaosema, "Ukitaka kuimba wimbo huu, njoo chumbani kwangu tuongee." Hayo siyo mapenzi na wala siyo mila ya muziki. Ni rushwa ya ngono, na ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Unaweza kutoa taarifa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113. Na kama msichana yuko chini ya miaka 18, mtu mzima anayelala naye anaweza kushtakiwa kwa kubaka hata kama binti alisema ndiyo. Mtoto au mtu anayemsaidia anaweza kupiga namba 116, nayo ni bure.

Kwa hiyo kinga yako ya kwanza siyo kidonge. Ni karatasi yenye sahihi mbili na nauli ya kurudi nyumbani ambayo umeificha mahali pako mwenyewe.

USIKU, POMBE NA "SOKSI"

Wengine wanakwenda kulala, wewe ndiyo unaingia kazini. Dansi likinoga, shabiki anatuma chupa jukwaani. Wa pili anatuma nyingine. Kukataa kunaonekana dharau. Ukikubali kila chupa, kufikia mwaka wa tatu huwezi tena kupanda jukwaani bila kunywa.

Pombe haileti VVU. Inachofanya ni kuulegeza ubongo katika ile sehemu inayopima mambo. Ulisema hutafanya ngono bila kondomu, lakini saa tisa usiku, umelewa, mtu mzuri amekusubiri mlangoni, lile azimio linayeyuka. Na kama mwenzako amelewa hajitambui, hawezi kukubali chochote. Mwache alale.

Basi fanya hivi. Mwambie mhudumu wa baa mapema kwamba chupa zako zote ziwe soda au maji. Shabiki atakuwa amekutunza, na wewe utakuwa salama. Kondomu ziwe mfukoni kabla dansi halijaanza, siyo kuzitafuta baadaye. Usizihifadhi kwenye pochi ya nyuma wala juu ya dashibodi ya gari, maana joto na msuguano huziharibu. Soma tarehe ya mwisho wa matumizi.

Na ikitokea imepasuka, au umelazimishwa? Usikae ukilia peke yako. Kuna dawa kinga ya dharura inayoitwa PEP. Lazima uianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Unaimeza kwa siku 28. Ukiwa Misigiri, nenda hospitali ya wilaya kule Kiomboi. Ukiwa safarini, nenda hospitali iliyo karibu.

Mambo yamebadilika sana tangu Remmy aimbe. Tangu mwaka 2004 dawa za kufubaza VVU zinatolewa bure Tanzania. Mtu anayezimeza vizuri mpaka kipimo kisione tena virusi kwenye damu yake hawaambukizi wengine kwa ngono. Na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila kibali cha mzazi. Ukipima leo baada ya tukio la jana, majibu hayatakuambia habari za jana. Rudia kama mtoa huduma atakavyokuelekeza, kwa kawaida mpaka miezi mitatu ipite.

BARABARA NAYO INAUA

Mshkaji wako hakuzungumzia barabara, na baba pia hakuitaja. Lakini muulize mpenzi yeyote wa muziki aliyekula chumvi nyingi. Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa kutoka Morogoro, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya. Machi 2011 gari la kundi la Five Stars Modern Taarab lilipata ajali usiku eneo la Mikumi, na wasanii 13 wakapoteza maisha.

Kwa nini wanamuziki? Fikiria ratiba yao. Dansi linaisha saa tisa usiku. Vyombo vinapakiwa. Gari linaondoka ili kuwahi mji mwingine na kukwepa gharama ya gesti. Dereva alikuwa macho usiku kucha kama nyinyi, na huenda naye alitumiwa chupa. Nyuma mmebanana na spika nzito ambazo hazikufungwa kamba. Wewe wa Misigiri unaijua barabara hii na kona za mlima Sekenke. Unajua malori yanavyoharibika na kuachwa gizani bila taa.

Mtu aliyekosa usingizi usiku kucha huendesha kama mlevi, hata kama hakugusa pombe. Kwa hiyo dai hili kwa sauti moja na wenzako: dereva asipige muziki, asinywe, alale wakati nyinyi mnapiga. Kama hakulala, mnalala nyote, mnaondoka kukipambazuka.

MASIKIO HAYAOTI UPYA

Hii ndiyo hatari inayokuja taratibu kuliko zote. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe hai ndogo sana zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo vinatikisika na kupeleka habari kwenye ubongo. Kelele kubwa huvilaza vinyweleo kama upepo unavyolaza uwele shambani. Ukipumzika, vingine husimama tena. Ukirudia kila usiku, chembe hizo hufa, na zikifa haziotni tena wala hakuna dawa ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuivumilia mpaka saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90 ni saa 4 tu kwa wiki. Ikifika desibeli 100, ambazo ni jambo la kawaida mbele ya spika za dansi, ni dakika 20 tu kwa wiki. Bendi hupiga saa tano kwa usiku mmoja!

Huna kipimo cha desibeli? Tumia hiki: kama mwenzako yuko umbali wa mkono mmoja na bado inabidi upige kelele akusikie, sauti imezidi. Ukitoka masikio yanavuma, hiyo ni taarifa kwamba umeyaumiza. Wengi hudhani ni uchovu, na siku hizi wanaongeza sauti ya spika ili wasikie vizuri. Hapo ndipo wanapojimaliza.

Usisimame mbele ya spika wala karibu na matoazi ya drams. Geuzeni spika ziwaelekee watu, ziwe mbele yenu. Pumzisha masikio kila wimbo wenu unapomalizika na wengine wanapopiga. Vaa vizibo vya sponji, vile wanavyotumia mafundi wa viwandani. Pamba ya kawaida haizuii vya kutosha. Utaona aibu siku mbili, ya tatu utazoea.

MIAKA IKIPITA

Mwaka 2001 Remmy alipata kiharusi. Hakuacha muziki, aligeukia nyimbo za injili, na alifariki Dar es Salaam Desemba 2010 akiwa na miaka 63. Hatusemi kiharusi chake kililetwa na bendi. Tunasema hivi: shinikizo la damu ndilo chanzo kikubwa cha kiharusi duniani, na mara nyingi haliumi popote. Kupima presha ni dakika chache tu, na kijana naye anaruhusiwa kupima.

MUULIZE KIONGOZI KABLA YA SAFARI

1. Nitalipwa kiasi gani, lini, na imeandikwa wapi?
2. Nikiugua njiani, nani atagharamia matibabu na nauli yangu?
3. Wasichana watalala wapi, na ufunguo atakaa nao nani?
4. Dereva ni nani, na analala saa ngapi?
5. Nikisema sinywi, kazi yangu itakuwa salama?

Kiongozi mzuri hatakasirika. Naye alikuwa kijana siku moja. Anayekasirika kwa swali la dereva amekwisha kukujibu. Mpeleke baba mbele yake, waongee. Na kama majibu hayaridhishi, baki Misigiri uendelee na mazoezi. Barabara hiyo haihami, na bendi nyingine itapita.