Steven Kanumba, Mwigizaji wa Shinyanga

Katika zama ambazo filamu ya Tanzania ilikuwa ingali changa, na nyoyo za watazamaji wetu zikiwa zimetekwa na kazi za Nigeria na za Bombay, alitokea kijana wa Shinyanga aliyeazimia kwa dhati kwamba nasi pia tutatazamwa ugenini.

Steven Charles Kanumba alizaliwa tarehe 8 Januari 1984. Alisoma Shule ya Msingi Bugoyi, kisha sekondari ya Mwadui, penye mgodi wa almasi. Hata alipohamia Dar es Salaam akajiunga na Kaole, kikundi kilichomfunza uigizaji kwa tamthilia za televisheni kama Jahazi na Dira, akiwa pamoja na Vincent Kigosi na Blandina Chagula, yule bibi ambaye hadi leo umma unamwita Johari.

Wakati ule filamu zilitengenezwa kwa haraka na kwa rasilimali haba, zikauzwa kwa diski, sehemu ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo, kumshirikisha nyota wa ng'ambo kulihitaji moyo mkubwa na gharama isiyo haba. Kanumba alithubutu: mwaka 2006 akaigiza Dar to Lagos na Mercy Johnson wa Nigeria, na baadaye Devil Kingdom na Ramsey Nouah. Hata hivyo, kwa rai yangu, umahiri wake ulidhihiri zaidi katika Uncle JJ, alipoigiza na watoto wadogo, kwani hapo aliacha makeke ya utajiri na mapenzi, akabaki mtu mwenye huruma, jambo lililo gumu kuliko kulia mbele ya kamera.

Filamu hizo zilitazamwa katika vibanda umiza, tangu Kahama hata Geita na Katoro, na wachimbaji wadogo waliotoka mashimoni jioni, ambao walimhesabu kuwa ni mtu wao.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28. Maelfu ya watu walimuaga katika viwanja vya Leaders, akazikwa makaburi ya Kinondoni.

Diski zake sasa zinakwaruzika na kutupwa, na mashine za kuzichezea zinaadimika. Nawasihi jamaa wa Shinyanga na Geita: mwenye nazo azihifadhi, na wenye mamlaka ya maktaba zetu wazikusanye na kuzinakili kabla hazijapotea.