Mzee Wetu Aliye Makaoni: Tuangalie Nini, na Tuseme Wapi



Kila mwaka Krismasi ikikaribia, vikundi vingi vya hapa Kimbo na pande zote za Ruiru na Thika huchanga pesa, hununua unga, sukari, sabuni na blanketi, halafu hukodi matatu kwenda kuwatembelea wazee makaoni. Ni jambo jema na lisiachwe. Lakini hebu tujiulize: mgeni wa siku hiyo huona nini? Makao yamepigiwa simu wiki mbili mbele. Wazee wameogeshwa, wamevishwa sweta safi, wamepangwa kwenye viti pale uani. Watu wanaimba, wanaomba, wanakunywa chai, na saa kumi jioni gari linaondoka. Yule shosho aliyelala chumba cha mwisho hakuonekana, kwa sababu hakutolewa nje.

Tunayasema haya kwa sababu ya yale yaliyotokea katika kaunti yetu hii ya Kiambu. Mwezi wa Juni 2023, BBC katika kipindi chake cha Africa Eye ilionyesha picha zilizopigwa kwa siri ndani ya makao ya wazee ya Thogoto, kule Kikuyu. Watu waliona wazee wakichapwa kwa fimbo, na wengine wagonjwa wakikosa matibabu. Makao hayo ni ya upande wa kanisa, la PCEA, na hilo sisi tunaoandika katika gazeti la kanisa hatuwezi kuliruka. Jina la kanisa kwenye lango halimlindi mzee. Kinachomlinda ni macho ya watu wanaoingia na kutoka.

Wala si Kenya peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba katika taasisi za kutunza wazee, wafanyakazi wawili kati ya watatu walikiri kuwa walimtendea mzee vibaya katika mwaka mmoja uliopita. Hawa ni wafanyakazi wenyewe wakisema, si wazee wakilalamika.

Mzee mwenyewe kwa kawaida hasemi. Wewe unarudi nyumbani, yeye analala pale pale, na yule aliyemchapa ndiye atakayemletea uji asubuhi. Wengine wamesahau mambo, na wakisema wanaambiwa akili imechoka. Basi tusimwulize mzee mbele ya mhudumu, "Unatunzwa vizuri?" Atajibu ndiyo. Omba kutembea naye kidogo, au kaa naye kwenye jua, halafu uliza mambo madogo madogo: Jana mlikula nini? Usiku ukitaka kwenda choo nani hukusaidia? Ni nani humpendi akiwa zamu? Mhudumu akipita na mzee akanyamaza ghafla au akainamisha macho, hilo nalo ni jibu.

Halafu uangalie mwili. Hapa tungependa kukaa kidogo juu ya vidonda vya kulalia, kwa sababu watu wengi hudhani ni ugonjwa wa uzee tu. Si hivyo. Mtu asiyeweza kujigeuza akilazwa upande mmoja muda mrefu, uzito wake unabana ngozi na damu haipiti. Ngozi inaanza kufa. Sehemu za kuangalia ni mwisho wa mgongo juu ya makalio, nyonga, visigino na viwiko. Kwa ngozi yetu nyeusi usitegemee kuona wekundu. Utaona doa jeusi zaidi au la zambarau, na ukiligusa ni la moto au gumu kuliko ngozi iliyo karibu. Likiachwa linapasuka, na kidonda kinaweza kufika mfupani. Dawa yake ya kwanza ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili hivi, kumweka pakavu na kumlisha vizuri. Kwa hiyo ukikuta kidonda kikubwa kilichooza, ujue kuna siku nyingi ambazo mzee huyo hakugeuzwa. Daima tuanze na mablanketi. Ukifunua blanketi kwa heshima ukaangalia visigino tu, utajua mengi kuliko atakayokueleza meneja ofisini.

Alama nyingine ni hizi. Midomo iliyokauka na mkojo wa rangi ya chai: hapewi maji, na pengine ananyimwa makusudi ili asilowanishe kitanda. Nguo zilizokuwa zinamtosha na sasa zinamning'inia. Alama za vidole kwenye mkono wa juu, au mstari kuzunguka kifundo cha mkono, kwamba alifungwa. Kucha ndefu, chawa, harufu ya mkojo wa jana. Mzee aliyekuwa mchangamfu na sasa amelala mchana kutwa. Uliza anapewa dawa gani na ni daktari gani aliyeiandika.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu, hata hivyo. Ngozi ya mzee huvilia damu upesi, hasa kama anatumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, na wazee huanguka hata wakitunzwa vizuri. Doa moja lenye maelezo si sawa na madoa kila mwezi yenye maelezo yanayobadilika. Tena mara nyingi tatizo si ukatili bali kupuuzwa: mhudumu mmoja usiku kwa wazee thelathini, mshahara mdogo, nepi zimeisha. Lakini mzee anayelala kwenye maji hadi asubuhi anaumia hata kama hakuna aliyemchukia. Kikundi kinachotaka kusaidia kweli kingeuliza juu ya zamu ya usiku kabla ya kununua sukari.

Tusisahau pesa. Wazee waliotimiza miaka 70 na kuandikishwa katika Inua Jamii hulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Nani anazichukua, na mzee anaona faida gani? Mwizi wa pesa hizi wakati mwingine si makao, ni mtoto wake mwenyewe.

Sasa, ukiona jambo, ufanye nini? Kama mzee ameumia au yuko hatarini, kwanza hospitali, mengine baadaye. Kisha kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia. Ripoti iandikwe na upewe nambari ya OB, na kama kuna majeraha uombe fomu ya P3 ijazwe na daktari. Simu ya bure ya kuripoti unyanyasaji ni 1195. Kama si hatari ya papo hapo, andika kwenye daftari tarehe, saa, ulichoona kwa macho na maneno aliyosema mzee, kisha zungumza na msimamizi na umpe siku ya kurudi. Asipobadilika, nenda kwa ofisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Ofisi hiyo hamwiogopi, kwa sababu ndiyo inayoandikisha vikundi vyenu na kuwapa cheti. Mwambie chifu pia. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa, na kutunzwa na jamaa zake na serikali. Na mzee kwa Katiba ni mtu wa miaka 60 au zaidi. Kwa hiyo hamwendi kuomba hisani.

Picha za majeraha zipelekwe kwa polisi na daktari, si kwenye WhatsApp ya kikundi. Shosho akiwa uchi kwenye simu za watu mia mbili ameumizwa mara ya pili.

Kwa jamaa wanaotafuta makao, kwani wengi hapa Kimbo huamka alfajiri kwenda kazini Nairobi na hawana wa kumwachia mzee: makao mazuri yapo, na masista wa Little Sisters of the Poor wameendesha Nyumba ya Wazee kule Kasarani miaka mingi. Popote mtakapokwenda, ombeni kuona cheti cha usajili, jikoni na vitanda. Ulizeni wangapi hulala zamu, na kama mnaweza kuja saa yoyote bila kupiga simu. Wakisema hapana kwa hilo la mwisho, tafuteni kwingine. Na yaleyale ya visigino na midomo yafaa kuangaliwa pia kwa mzee aliyeachwa nyumbani na mfanyakazi.

Jambo moja zaidi. Mkisharipoti, wekeni zamu ya kumtembelea mzee huyo kesho yake, na kesho kutwa, na wiki inayofuata, watu wawili wawili, saa tofauti, mpaka ahamishwe au hali ibadilike. Siku zinazofuata ripoti ndizo za hatari kwake.