Nani Huipa Ngoma Jina? Majina ya Miziki ya Kuchezwa katika Kitui na Makueni

Imezoeleka kudhaniwa kwamba jina la muziki wa kuchezwa hufuata mdundo wake: pigo jipya likizaliwa, jina jipya huzaliwa pamoja nalo, pigo likichakaa, jina nalo hufa. Dhana hii imetawala maandishi mengi juu ya muziki wa mashine wa Ulaya na Marekani, ambako majina ya aina za muziki huhesabiwa kwa makumi. Lakini ushahidi wa Ukambani, hasa wa Kitui na Makueni, hauiungi mkono. Huko pigo limebadilika zaidi ya mara moja na jina likabaki. Na jina limebadilishwa ilhali pigo ni lile lile. Jambo likichunguzwa kwa makini huonekana kwamba jina hufuata mkutano wenyewe: nani aliyewaita watu, nani anayelipa, na nani mwenye uwezo wa kuwatawanya.

Yafaa kuanza na Kikamba chenyewe. Neno wathi, ambalo wingi wake ni mbathi, linakwenda sambamba na wimbo na nyimbo za Kiswahili, lakini maana yake ni pana zaidi kwa kuwa hukusanya wimbo pamoja na mchezo unaochezwa kwa wimbo huo. Chini ya neno hili yamo majina kadha wa kadha. Kilumi ni ngoma ya kuwatuliza pepo na ya kuomba mvua, na wenye kuishika zaidi ni wanawake wa makamo na wazee. Mwali, wingi myali, ni wimbo wa kuchezwa unaotungwa ili kumkemea mtu aliyekiuka mwenendo mwema. Msomaji wa Kiswahili asiuchanganye na mwali wa unyago. Mbalya, ambayo pia huitwa ngutha, ni mchezo wa vijana baada ya kazi za mchana. Majina haya hutambulisha shughuli kabla ya kutambulisha sauti. Likitajwa neno kilumi, msikilizaji hujua watu wamekusanyika kwa ajili gani, nani ana haki ya kuingia uwanjani, na nani ataulizwa mambo yakiharibika.

Mbeni ni mfano wa namna nyingine. Mchezo huu wa kurukaruka na kupinduka, ambao umewapa Wakamba sifa nje ya nchi yao, una jina linalofanana mno na beni, ngoma ya pwani iliyochukua jina lake kutoka neno la Kiingereza la bendi. Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikasambazwa Afrika ya Mashariki na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wakamba wengi walichukuliwa katika upagazi, na baadaye wakawa wengi katika jeshi la King's African Rifles. Kwa upande wa sauti za lugha hakuna kizuizi: Kikamba hakina b iliyo peke yake, na neno la kigeni linaloanza kwa b hupewa m mbele yake. Ndiyo maana Biblia katika Kikamba ni Mbivilia. Beni ikiingia katika kinywa cha Mkamba haina budi kutoka mbeni. Kufanana huku peke yake si hati ya kuzaliwa kwa ngoma, kwani huenda jina la kigeni lilivikwa mchezo uliokuwapo tangu zamani. Lakini hata ikiwa hivyo, ni dalili ya jambo lile lile: walioondoka kwenda vitani walirudi na aina mpya ya mkutano, na mkutano ukahitaji jina.

Wamisheni walileta upaji majina wa namna ya tatu, yaani wa kushutumu. Walutheri wa Leipzig walifika Ikutha, kusini mwa Kitui, katika miaka ya 1890; Africa Inland Mission ilienea kutoka upande wa Machakos. Kwa mafundisho yao, kilumi, myali na mbalya ziliunganishwa kuwa kitu kimoja, ngoma za kipagani, na muumini alitakiwa aziache zote. Tofauti zote ambazo Kikamba kilizihifadhi zikafutwa kwa neno moja. Jibu la wenyeji halikuwa la kunyamaza tu. Katika kipindi cha ukoloni zilitokea Kitui sherehe za kupandwa na pepo zilizoitwa kijesu, jina lililojengwa juu ya jina la Yesu. Waliokatazwa ngoma kwa jina hilo walilitwaa jina lenyewe wakalichezea.

Hapa inafaa kukumbusha kwamba Makueni yenyewe ni jina jipya katika ramani ya utawala. Hadi mwaka 1992 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos, na kwa hiyo habari nyingi za ngoma za Mbooni, Kilungu au Kibwezi zimewekwa katika maandishi ya zamani chini ya Machakos.

Gitaa na santuri zilipoingia, hali ya majina ikageuka. Muziki wa magitaa uliochipuka miongoni mwa Wajaluo katika miaka ya 1960, na ambao D. O. Misiani na Shirati Jazz waliusambaza kuliko wengine, uliitwa benga. Asili ya neno lenyewe inabishaniwa hadi leo. Ulipovuka hadi Ukambani katika miaka ya 1970 ulibadilika sana: magitaa mawili au matatu yakawa yanapokezana kwa sauti nyembamba zinazozunguka, mwendo ukawa mwepesi, na maneno yakawa ya Kikamba. Hata hivyo Nairobi, katika maduka ya santuri na katika redio, ukauzwa kama benga, au benga ya Kikamba. Kifungu hiki cha maneno kina mantiki yake ya kisarufi: nomino ni ya wengine, na Wakamba wamepewa sehemu ya kivumishi.

Bendi zenyewe hazikujishughulisha kubuni nomino. Zilichukua majina ya mahali: Kilimambogo Brothers wa Kakai Kilonzo, Kalambya Boys, Ngoleni Brothers, Lower Mbooni Boys. Mnunuzi wa Wote au Mwingi hakuomba benga, aliomba Kilimambogo. Jina la kijiji au mlima lilifanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na jina la mtindo, na lilitaja kitu ambacho benga haikuweza kukitaja, yaani watu hawa wametoka wapi. Kakai Kilonzo, aliyefariki mwaka 1987, aliimba nyimbo nyingi kwa Kiswahili ili auze nje ya Ukambani, na akafaulu. Alibadilisha lugha lakini hakubadilisha jina la mlima.

Linganisha na Dar es Salaam ya wakati huo huo. Huko kila bendi ililazimika kuwa na mtindo wenye jina lake: Western Jazz walikuwa na saboso, Afro 70 walikuwa na afrosa, NUTA Jazz walikuwa na msondo. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ilichukua sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Bendi za Tanzania nyingi zilikuwa mali ya mashirika na vyama, na wanamuziki walihamahama kutoka bendi moja kwenda nyingine. Mtindo ulikuwa alama ya kuwatambulisha mbele ya mashabiki. Bendi ya Ukambani ilijengwa juu ya ndugu na majirani. Haikuhitaji alama hiyo.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa kina zaidi lilitokea kuelekea mwisho wa miaka ya 1970. Katika santuri za Kikamba ngoma kubwa ya mguu ilianza kusikika ikipiga pigo lililo sawa, moja baada ya jingine, bila kuruka, kama ilivyo katika disko ya Marekani. Kwa sikio la mchezaji haya yalikuwa mabadiliko makubwa. Kwa kigezo cha wale wanaosema jina hufuata pigo, muziki huu ulistahili jina jipya siku ile ile. Haukupewa. Uliendelea kuwa benga Nairobi na kuwa Kilimambogo au Kalambya nyumbani.

Jina jipya lilitolewa kwa kitu kingine. Disko ni neno lililotoka katika Kifaransa, ambako lilitumika kwa hifadhi ya santuri, kisha kwa ukumbi ambamo watu hucheza kwa santuri bila bendi. Lilipofika mashambani Ukambani lilikuta hakuna ukumbi. Kulikuwa na uwanja, mashine ya kupiga kanda, vipaza sauti na betri au jenereta. Mkutano huo wa usiku Wakamba wameuita kamandiko. Kwa umbo, jina hili linaingia katika ngeli ya ka-, ambayo katika Kikamba hukusanya vitu vidogo, na pia vitu ambavyo msemaji huvionea huruma au huvidharau. Haifai kudai kwamba hiyo ndiyo asili yake. Lakini umbo hilo limewafaa wazee wanaolitamka kwa kuchukia, na vijana wanaolitamka kwa mapenzi. Kamandiko haitaji mdundo wowote. Huko huchezwa muziki wa Kikamba, wa Kongo, wa Jamaika na wa Marekani usiku mmoja, na jina halitetereki. Kinachotajwa ni usiku, uwanja, vijana na kutokuwapo kwa wazee. Yaani kamandiko ni jina la jamii moja na mbalya, ijapokuwa mashine zimechukua nafasi ya mikono na sauti.

Chicago nayo ina kisa kinachofanana. Muziki wa hausi ulipata jina lake kutoka Warehouse, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1977, ambako Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri. Watu weusi wa mji ule waliuita muziki kwa jina la nyumba walikokutana. Tekno ya Detroit haikuwa na bahati hiyo: jina lake liliimarishwa na mkusanyiko wa nyimbo uliotolewa Uingereza mwaka 1988, na kwa njia hiyo wauzaji wa ng'ambo ya bahari wakawa na sauti kubwa katika kuamua kipi ni tekno na kipi sicho. Dar es Salaam imetoa mfano ulio karibu zaidi. Sherehe za usiku za uswahilini, zilizochezwa kwa vinanda vya umeme na mashine za midundo, zilijulikana kama vigodoro, na neno hilo lilinuka mbele ya viongozi na wazazi. Muziki uliokuzwa humo uliposhikwa na jina la singeli uliingia redioni na katika majukwaa ya taifa, na mwaka 2017 mkusanyiko wa studio ya Sisso ulitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kuufikisha Ulaya. Kuutenga muziki na jina la sherehe kulitosha kuutakasa.

Nairobi, kwa upande wake, imezoea kukata na kuunga. Kapuka lilianza kama jina la kubeza. Genge lilikuwa jina la kujisifu kwa umati. Baada ya wimbo wa kikundi cha Ethic, Lamba Lolo, wa mwaka 2018, genge likaungwa na kipande cha mwisho cha reggaeton kuwa gengetone, na miaka michache baadaye kipande hicho kikazaa arbantone. Lugha za Kibantu hutambulisha jamii ya nomino kwa kiambishi cha mwanzo. Hapa jamii ya nomino inatambulishwa kwa mkia ulioazimwa Karibiani. Majina haya hufika Kitui na Makueni kwa redio, simu na matatu, lakini yakifika huwa majina ya nyimbo anazopiga dijei. Hayajawa majina ya mkutano.

Redio za Kikamba, zilizoenea baada ya masafa kufunguliwa, hazikutafuta nomino ya muziki huu nazo. Musyi ni nyumbani. Mbaitu ni watu wa kwetu. Kizazi cha Ken wa Maria na Kativui hupigwa humo kama nyimbo za kwetu, ingawa kinanda cha umeme kimechukua sehemu kubwa ya kazi ya magitaa, na gazeti la Nairobi likiandika habari zao bado huandika benga.

Yote haya yangeweza kuachiwa wanaisimu lau yasingekuwa na uzito wa kisheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi mbili zilizoandikwa moja baada ya nyingine. Ya tatu ni kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Ya nne ni shughuli za utamaduni na burudani za umma. Ofisa wa Kitui au Makueni anayeletewa habari za mkutano wa usiku hana budi kuamua ni kifungu kipi kinachohusika, na kitu cha kwanza anachoambiwa ni jina. Kilumi, kilichoitwa upagani kwa miaka mingi, sasa kinafundishwa shuleni na kushindaniwa katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, na kimechezwa pale Bomas of Kenya mbele ya watalii. Ni utamaduni, na huingia kwa kifungu cha nne hata kikipigwa kwa vipaza sauti. Mwenye kuomba kibali cha tamasha la vijana naye huenda akakipata. Mwenye kuomba kibali cha kamandiko, kwa spika zile zile, dijei yule yule na uwanja ule ule wa soko, atakuwa ameshajitia katika kifungu cha tatu kabla ya kuketi kitini.