Pikapu si gari: Nilivyosaka dawa ya gitaa linalotoboa masikio

Nilipomwambia mama kwamba ninaweka akiba ninunue pikapu, alifurahi sana. Mama anauza mboga soko la Kangemi, na kila alfajiri hulipa watu wamsafirishie mzigo kutoka Marikiti. Kufikia jioni, majirani wawili walikuwa tayari wamenipongeza.

Ilibidi nimweleze kwamba pikapu ninayotaka haina magurudumu. Ni kijidude chenye urefu wa kidole, kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Mama aliniangalia vile alivyoniangalia siku niliyomwambia nimeacha chuo mwaka wa pili.

Sikumlaumu. Lakini kijidude hicho ndicho kilikuwa kinaniponza kazi.

Gitaa langu ni nakala ya bei nafuu ya Stratocaster, lile umbo ambalo kampuni ya Fender ilizindua mwaka wa 1954. Nililinunua mkono wa pili. Ni jepesi na shingo yake ni tamu, ila sauti yake ni kali kama wembe, hasa ukitumia pikapu ya nyuma iliyo karibu na daraja la nyuzi.

Bendi yetu hufanya mazoezi Kawangware, kwenye chumba cha mabati. Siku moja kiongozi wetu, mzee aliyeanza kupiga gitaa kabla sijazaliwa, alisimamisha wimbo katikati.

"Kijana wangu, hiyo sauti inatoboa masikio. Harusi ya Desemba itakuwa na wazee wengi. Irekebishe, ama nitafute mtu mwingine."

Malipo ya harusi hiyo kwangu yalikuwa sawa na kodi ya nyumba ya miezi miwili. Sikulala.

Usiku huo huo niliingia mtandaoni na kupata pikapu iliyosifiwa kuwa "moto" kupindukia. Nikatuma Sh4,500, karibu akiba yangu yote. Ilipofika nikampa fundi wa mtaani, akaifunga kwa dakika 20.

Ukali uliisha, ndio. Shida ni kwamba gitaa lilianza kusikika kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Tulipoanza benga, solo yangu ilizama chini ya besi na ngoma.

"Sasa sikusikii kabisa," mzee akasema.

Hapo ndipo nilielewa kosa langu. Nilikuwa nimeuchukulia ung'avu wa gitaa kama ugonjwa. Kumbe muziki tunaopiga unauhitaji. Sikiliza rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz, au benga ya Kikuyu ya Joseph Kamaru, nyingi zikiwa kazi zilizouzwa na kusambazwa kutoka River Road. Gitaa la solo hukaa juu, linadonoa haraka haraka, kila noti imejitenga na mwenzake. Wataalamu wengi huhusisha upigaji huo na nyatiti, ala ya Waluo yenye nyuzi nane. Ukiondoa ule ung'avu, umeondoa benga yenyewe.

Nilichohitaji ni ung'avu usioumiza, na hicho ni kitu tofauti na kuzima sauti.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja Uthiru anayetengeneza redio na amplifaya. Nikapanda mathree ya Waiyaki Way nikiwa na gitaa mgongoni na pikapu yangu ya zamani mfukoni. Kabla hata sijamaliza kulalamika, alikuwa ameshaweka mita kwenye ile mpya. Ikasoma kilo-omu 14.

"Hii ni ya watu wa roki," akasema. "Nani alikuambia uinunue?"

Nikanyamaza.

Alinifafanulia hivi. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, na huo ndio unaopelekwa kwa amplifaya. Ukiongeza mizunguko, nguvu inapanda na sauti ya katikati inanenepa, lakini trebo inapungua.

Pikapu ya kawaida ya Stratocaster ina koili moja na husoma kama kilo-omu 6. Yangu mpya ilikuwa na koili mbili zilizobanwa ndani ya umbo la koili moja. Aina hiyo, hambaka, ilibuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka wa 1955 ili kuua ule mlio wa "mmmm" unaotoka kwenye umeme wa ukutani. Ni pikapu nzuri kabisa, ila si kwa kazi yangu.

Akanionya pia nisiabudu namba ya mita. Waya mwembamba zaidi hupandisha namba hata kama nguvu haijaongezeka sana. Namba inakupa fununu, lakini hukumu ni ya masikio.

Kisha akarudisha pikapu ya zamani na kuniambia kitu ambacho kingeniokolea zile Sh4,500: kabla hujanunua, maliza vya bure.

Kwanza, urefu. Pikapu yangu ilikuwa imeinuliwa karibu iguse nyuzi. Bonyeza uzi kwenye kizuizi cha mwisho cha shingo, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu. Kwa koili moja, anzia milimita 2 upande wa nyuzi nyembamba na kama 2.4 upande wa nyuzi nene. Alishusha kwa bisibisi tu, na nusu ya ukali ikaondoka.

Pili, kinobu cha toni. Katika mpangilio wa kawaida wa Stratocaster, pikapu ya nyuma haijaunganishwa na kinobu chochote cha toni. Miaka miwili nimekuwa nikizungusha kinobu kisichofanya kazi! Mzee alilehemu kipande kimoja cha waya, na kwa mara ya kwanza nikaweza kupunguza trebo ya pikapu hiyo.

Tatu, volyumu. Kifaa kilicho chini ya kinobu changu kilikuwa cha kilo-omu 500, ambacho hutumiwa sana na hambaka. Koili moja kwa kawaida hutumia 250, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo trebo inavyolainika. Nilishuka tao hadi Luthuli Avenue, nikazunguka maduka matatu, nikakipata kwa pesa isiyofika nauli yangu ya siku hiyo.

Baada ya hapo gitaa lilikuwa limebadilika, ila pikapu ya nyuma bado ilikuwa na ukavu fulani. Mzee akaigeuza na kunionyesha kipande cheusi kilichobandikwa chini. "Sumaku ya seramiki. Magitaa mengi ya bei ya chini huwa nayo." Seramiki ina nguvu na sauti yake mara nyingi huwa ngumu kwenye trebo. Alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, huwa laini zaidi. Alniko 5 inang'aa na ina msukumo. Alniko 2 na 3 ni za upole.

Kwa benga aliniambia nitafute alniko 5 ya koili moja, kilo-omu 6 hadi 7, na nibadilishe ya nyuma peke yake. Nikauza ile "moto" kwa jamaa wa bendi ya roki pale Westlands, akanipa Sh3,000. Nikapata alniko iliyotumika kutoka kwa mpiga gitaa wa kanisa moja, kwa bei hiyo hiyo. Safari hii nilienda na mita, na nikaisikiliza kwenye gitaa lake kabla ya kutoa doo.

Tulipoifunga, ikisikika peke yake ilikuwa safi. Ikichanganywa na ya katikati, sauti ikakonda ghafla kama redio ya simu. Nilitaka kulia. Mzee akacheka, akabadilishana nyaya zake mbili, ikawa sawa. Pikapu mbili zikivutana kinyume hufutana, kwa hivyo ukikutana na hali hiyo usikimbilie kuirudisha kwa mwenyewe.

Na usihukumu gitaa lako kwenye chumba kitupu cha mabati. Mabati na sakafu ya saruji hurudisha trebo yote usoni mwako, ilhali miili na nguo za watu huinyonya. Kwenye mazoezi yaliyofuata nilipunguza toni kidogo. Siku ya harusi, hema lilipojaa, nikaifungua yote.

Kiongozi wetu hakusema lolote kuhusu sauti yangu siku hiyo. Wimbo wa tatu ulipofika sehemu ya solo, aligeuka tu akaniashiria niendelee, nikazunguka mara nne badala ya mbili, na wazee wale wale niliokuwa nikiwaogopa wakainuka kucheza.

Nililipa kodi. Nilichobakisha nilimpa mama kwa usafiri wa mboga wa wiki hiyo. Akazihesabu, akazikunja ndani ya leso, kisha akaniuliza, "Na ile ya magurudumu?"

Nikamwambia naweka akiba.