Mji Gani wa Marekani Utapata Timu Mpya ya Mpira?

Tangu Lionel Messi ahamie Inter Miami mwezi wa Julai 2023, vijana wengi wa vikundi vyetu wameanza kufuatilia ligi ya Marekani, ile iitwayo MLS. Wanapoangalia mechi, swali huzuka: ni mji gani utakaoongezwa sasa? Ligi hiyo ilianza kucheza mwaka 1996 ikiwa na timu 10. Mwaka 2025 San Diego ikawa ya 30. Na majina ya miji mingine yametajwa sana: Sacramento, Indianapolis, Phoenix, Las Vegas, Detroit.

Kwetu Kenya jibu la swali kama hilo ni rahisi. Timu ikishinda inapanda daraja. Mathare United ilizaliwa katika chama cha vijana kilichoanza mwaka 1987, chama ambacho wachezaji wake walikuwa wakisafisha mitaa na kuzoa takataka za Mathare. Mwaka 2008 timu hiyo ikachukua ubingwa wa Ligi Kuu. Hakuna aliyewauliza wana pesa ngapi benki ndipo wapande. Marekani mambo si hivyo. Timu ya daraja la chini yaweza kuwafunga wenzake wote, mwaka huu na mwaka ujao, na bado isiingie MLS. Nafasi ya MLS hununuliwa.

Ili tuelewe vizuri, fikirieni chama chenu wenyewe. Mlianza watu kumi, kila mmoja akatoa shilingi mia moja. Mkanunua ng'ombe, mkaweka mashine ya kusaga mahindi, sasa mna akiba. Anakuja mtu wa kumi na moja anataka kujiunga. Je, mtamwingiza kwa shilingi mia? Hapana! Atalipa kiingilio kinacholingana na mali iliyopo. Basi MLS ni namna hiyo. Anayeingia hanunui timu peke yake, ananunua hisa katika ligi nzima, na hata mikataba ya wachezaji hushikwa na ligi yenyewe. Toronto ilipoingia mwaka 2007 kiingilio kilikuwa dola milioni 10. David Beckham alipokwenda kucheza huko mwaka huo huo, mkataba wake ulimpa haki ya kununua timu baadaye kwa dola milioni 25, na hiyo ndiyo iliyozaa Inter Miami. Watu walidhani ni pesa nyingi. Kumbe alipata bei ya bure. Charlotte, iliyoanza kucheza 2022, ililipa dola milioni 325, na San Diego milioni 500. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hizo ni shilingi bilioni 65, na hapo hujanunua mpira hata mmoja.

Kwa hiyo jambo la kwanza linaloangaliwa si miguu ya wachezaji, ni mfuko wa tajiri. Sacramento, mji mkuu wa jimbo la California, wanajua habari hii. Mwezi wa Oktoba 2019 walitangaziwa kwamba wamepewa timu. Watu wakasherehekea. Februari 2021 tajiri aliyekuwa akitegemewa akajiondoa, na nafasi ikapotea hivyo hivyo. Timu yao ya daraja la pili, Sacramento Republic, haikukata tamaa. Mwaka 2022 ilizitoa timu tatu za MLS katika kombe la taifa ikafika fainali, ikashindwa na Orlando. Lakini kufika fainali hakukuwafungulia mlango.

Mwezi wa Novemba 2024 ilitangazwa kwamba sehemu kubwa ya timu hiyo imechukuliwa na watu wa Wilton Rancheria, kabila la wenyeji asilia wa Marekani ambalo serikali ilikuwa imelifutia utambulisho wake, ikalirudishia mwaka 2009 tu. Tunafurahi kuona watu walionyang'anywa wakirudi kuwa wenye mali. Ni kweli kabila hilo lina jumba la kamari, na kamari sisi hatuisifu, lakini tusiwafiche habari.

Jambo la pili ni uwanja, na hapa ndipo mwananchi wa kawaida anapoingizwa, apende asipende. Ligi inataka uwanja, tajiri anasema hawezi peke yake, kisha macho yote yanageukia kodi. Mji wa St. Louis uliwauliza wananchi wake kwa kura mwezi wa Aprili 2017: je, dola milioni 60 za umma ziende kwenye uwanja wa mpira? Wengi wakasema hapana. Watu wa mpira wakalia kwamba mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mwaka 2018 ilijitokeza familia ya Taylor, wenye kampuni ya kukodisha magari ya Enterprise, uwanja ukajengwa kwa sehemu kubwa kwa pesa za wenye timu, na mwaka 2023 timu ikaanza kucheza. Msimu wa kwanza tu ikaongoza kundi la magharibi. Sisi tunaona kura ile ya hapana ilifanya kazi nzuri.

Hata mji wenye timu haulali usingizi. Oktoba 2017 mwenye timu ya Columbus alitangaza kwamba huenda akaihamishia Austin kama hatapata uwanja mpya. Mashabiki walifanya mikutano na maandamano. Serikali ya jimbo la Ohio ikaenda mahakamani kwa sheria ya 1996, inayosema kwamba mwenye timu aliyesaidiwa na pesa za umma hawezi kuihamisha kabla ya kutoa notisi ya miezi sita na kuwapa wenyeji nafasi ya kuinunua. Mwishoni mwa 2018 wakapatikana wanunuzi, na timu ikachukua ubingwa mwaka 2020 na 2023. Yule bwana naye alipata timu yake Austin, iliyoanza 2021. Tajiri hakosi mahali pa kukaa.

Indianapolis kuna mvutano wa namna nyingine. Timu yao, Indy Eleven, ilianza kuchimba msingi wa uwanja mwezi wa Mei 2023, mahali palipokuwa na makaburi ya zamani. Aprili 2024 meya akasimama akasema mji utatafuta timu ya MLS kwa njia nyingine, uwanja mwingine, wawekezaji wengine. Waliokwisha kuweka jembe chini waliachwa wakishangaa.

Phoenix ni kati ya miji mitano yenye watu wengi zaidi Marekani, na timu yao ilishinda daraja la pili mwaka 2023. Shida ni jua. Mwaka huo huo walikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au zaidi. Las Vegas nayo imetajwa miaka mingi, lakini mwaka 2023 San Diego ikawapita.

Tumewaachia Detroit mwisho kwa sababu tunaipenda habari yao. Matajiri wa mji huo waliomba timu ya MLS, mwisho wa 2017 wakaikosa. Lakini kuanzia 2012 majirani walikuwa wameanzisha timu yao wenyewe, Detroit City. Mwaka 2016 walitaka kuhamia uwanja wa Keyworth, uwanja wa shule uliofunguliwa 1936 na Rais Franklin Roosevelt, ambao majukwaa yake yalikuwa yamechakaa. Hawakungoja mfadhili. Waliwakopa mashabiki, wakapata zaidi ya dola 700,000, kwa maandishi kwamba watarudishiwa na faida kutoka kwa mapato ya timu. Mwaka 2020 wakauza hisa kwa mashabiki, na zaidi ya watu 2,000 wakanunua. Mwaka 2022 wakaingia daraja la pili.

Na hivi, mwezi wa Machi 2025 wenye timu za USL, ambayo ndiyo ligi wanayocheza Detroit na Sacramento, walipiga kura kwamba wataanza kupandisha na kushusha timu daraja kama tunavyofanya huku kwetu, na wakati huo walikuwa na mpango wa kuanzisha daraja lao la kwanza msimu wa 2027 na 2028. Huko kupanda kutategemea magoli.