Kabla ya Kulipa Gudwili Burma

Mpango wa biashara ya bucha unaopelekwa benki jijini Nairobi mara nyingi huanza na sensa. Mwaka 2019 jiji lilihesabiwa kuwa na watu 4,397,073. Anayeandika mpango humgawia kila mmoja kilo zake za nyama kwa mwaka, akazidisha, kisha akajikatia sehemu ndogo ya jumla hiyo na kuiita soko lake. Sehemu yenyewe huonekana ndogo kiasi kwamba hakuna anayeitilia shaka, ilhali hakuna mnunuzi hata mmoja aliyeulizwa chochote. Pesa za mafao na akiba za chama zimeteketea kwa hesabu ya namna hii, na inauma, kwa sababu jibu lilikuwa Barabara ya Jogoo, nauli ya matatu tu.

Soko la Burma, karibu na Uwanja wa City na mtaa wa Kaloleni, linajulikana Eastlands nzima kwa nyama. Mzigo huingia mapema kutoka vichinjio vya pembezoni mwa jiji, kama vile Dagoretti, na mbuzi hutoka Kiamaiko pia. Wenye hoteli, wauza supu na bucha ndogo za mitaani hujichagulia kabla jua halijapanda. Anayefika saa nane mchana atakuta watu wengi na kufurahi, lakini hao ni wanunuzi wa kilo na nusu kilo. Wale wa mzigo mkubwa wameshaondoka zamani. Kwa hiyo utafiti wa soko hapa unaanza alfajiri. Urudiwe siku ya kazi na Jumapili, mwisho wa mwezi na katikati yake, na Januari wazazi wanapokuwa wamebanwa na karo. Jambo la kuandika si idadi ya wapita njia. Andika nani amenunua, kilo ngapi, kwenye meza ipi, na kama amelipa papo hapo au ameandikiwa deni.

Hilo la kuandikiwa ndilo linalozamisha wengi. Nyuma ya mizani, penye shoka na gogo la kukatia, huwa pana daftari la shule lenye kingo zilizoloa mafuta. Ndani yake wateja wamo kwa majina ya utani na ya vibanda vyao, na mbele ya kila jina kuna kilo na tarehe, na nyingine hazijafutwa. Daftari hilo lina thamani kuliko ripoti yoyote ya kurasa hamsini. Anayetaka kununua nafasi ya mtu aombe kuliona kabla ya kutaja bei, na akinyimwa, awe na wasiwasi.

Tupige hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Umenunua ng'ombe wa kilo 140 kwa shilingi 480 kila kilo: 67,200. Maji, vipande na unga wa mifupa vimekula asilimia 4, zikabaki kilo 134.4. Umeuza zote kwa 560, jumla 75,264. Usafiri, kijana wa kukata, kodi, stima na mifuko vimechukua 3,300. Faida ya siku ni 4,764, na kwenye karatasi biashara inapendeza. Lakini hoteli mbili zimechukua kilo 30 za kulipa Ijumaa. Hizo ni shilingi 16,800 ambazo huna. Mkononi una 55,164, na kesho alfajiri mzigo ule ule unataka 67,200. Siku moja tu, tena siku uliyomaliza nyama yote, na tayari umepungukiwa na 12,036. Hoteli hizo zikichukua hivyo siku tano, shilingi 84,000 zitakuwa nje. Upembuzi yakinifu usioziweka pesa hizo za kuzungusha kando ya gharama za friji, mizani na gudwili, yaani pesa anayolipwa mwenye nafasi ili aiachie, haujapembua kitu.

Wala si Burma peke yake. Utafiti wa biashara ndogo uliochapishwa na Shirika la Taifa la Takwimu mwaka 2016 ulikuta biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4 nchini, na milioni 2.2 zilizokuwa zimefungwa katika miaka mitano. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa upungufu wa pesa za kuendeshea shughuli.

Bei ya mzigo nayo haiamuliwi Barabara ya Jogoo. Inaamuliwa malishoni. Kati ya 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika maeneo kame ya nchi. Ukame unapoanza, wafugaji huharakisha kuuza na wanyama waliokonda hujaa sokoni. Mvua ikirudi, wanaobakiwa na ng'ombe huwashikilia ili zizi lijae tena, na bei hupanda wakati mnunuzi wa Eastlands hana cha kuongeza. Mtu aliyechukua bei za miezi miwili ya kiangazi akazifanya za mwaka mzima amejidanganya. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti kame, zikiwa na bei za ng'ombe na mbuzi, na kuzisoma hakulipiwi.

Leseni ya kaunti, vyeti vya afya vya wahudumu na muhuri wa mkaguzi kwenye nyama havina mjadala. Viingizwe kwenye bajeti. Swali gumu ni kibanda chenyewe: jina lililo kwenye hati ni la nani? Ukimlipa gudwili mpangaji wa mpangaji, hujanunua haki yoyote, na mitaa ya zamani ya Eastlands imo kwenye mipango ya kujengwa upya.

Majaribio nayo ni sehemu ya utafiti. M-Pesa ilipojaribiwa kuanzia Oktoba 2005, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, ilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo midogo ya taasisi ya Faulu. Wateja waliokuwa kwenye jaribio wakaanza kuitumia kutumiana pesa wenyewe. Waliolisimamia waliliona hilo, wakabadilisha huduma kabla ya kuizindua Machi 2007.

Burma pia mtu anaweza kujaribu kabla ya kukodi meza. Achukue oda za vibanda vitano vya mtaani kwake, anunue alfajiri kwa bei ya jumla, apeleke kwa chombo kilichoruhusiwa kubeba nyama, aone nani analipa siku ile ile na nani anaomba wiki. Baada ya miezi michache atajua kama anahitaji meza sokoni, au kama wenye vibanda vile walikuwa tayari kumlipa kwa kuwaondolea safari ya saa kumi na moja tu.