Kiu Katikati ya Maji

Mwezi uliopita tulikwenda na marafiki kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, kupiga kasia katika kayaki, yaani mitumbwi myembamba. Jua lilipokuwa kali, mwenzetu mmoja alianza kuumwa kichwa na kuona kizunguzungu. Maji yake ya kunywa yalikuwa yamekwisha, naye akateka ya bahari kwa kiganja. Kiongozi wetu akamzuia, akampa maji ya chupa yake na kutupeleka kivulini.

Kwa nini alimzuia? Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, karibu vijiko 6 vya chai. Ili kuitoa chumvi hiyo, figo hutumia maji mengi kuliko yale uliyokunywa. Basi kiu huzidi, na mtu aweza kupoteza fahamu. Tena upepo hukausha jasho upesi, hata usitambue umepoteza maji kiasi gani.

Wazazi, watoto wakienda baharini wapeni kofia na maji safi ya kutosha. Wanywe kidogo kidogo kabla ya kuona kiu. Na kila mmoja avae jaketi la kuokolea maisha, hata anayejua kuogelea.